Nguvu farasi 280 kwenda na kurudi Buswelu

NI saa moja kasoro robo asubuhi, mtaani kwetu Buswelu, Manispaa ya Ilemela. Mama watoto na watoto wawili wameshuka garini na wanatembea pembeni kwa miguu, mikoba ya shule mgongoni. Wakibaki ndani, gari litakwaruza tumbo kwenye mtaro ambao mvua ya usiku imeuchimba katikati ya njia. Mimi nimebaki kwenye usukani, nalivusha kimshazari, tairi moja baada ya jingine, kama mtu anayemvusha ng'ombe mzee kwenye daraja la miti. Nyuma yangu honi inalia. Ni bodaboda, amebeba abiria mmoja na tenga la nyanya. Anapita kulia kwangu, anauvuka mtaro bila hata kupunguza mwendo, anatokomea.

Pikipiki ile haina nguvu farasi 15. Gari nililokuwa naliendesha, kwa mujibu wa aliyelitengeneza, lina 280. Kwenye lami iliyonyooka linatoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde tano hivi.

Wasomaji wa ukurasa huu wamenizoea kwa habari za bei ya mpunga, pamba na vizimba vya sato. Leo naomba niwape hesabu ya jambo jingine, ambalo hata hivyo halijatoka nje ya uchumi wa mkulima, kwa sababu fedha iliyonunua gari hilo ilitoka shambani. Mwanza ya leo ina vijana wengi wenye fedha za samaki, mabondo, dhahabu na mpunga, na wengi wao ndoto ya kwanza wanayoitimiza ni gari la kasi. Kila ninapolisimamisha lile langu pale Nyakato au Igoma, hakosi kijana wa kuuliza: "Braza, hii inakula mafuta kiasi gani?" Ni swali zuri, lakini nimegundua baada ya mwaka mzima wa kuandika kila shilingi kwamba siyo swali lenyewe.

Kwanza niseme nilivyoingia. Mimi na mama watoto tulilima mpunga Magu kwa misimu sita. Hatukuwa wakulima wakubwa. Tulichofanya ni kile ninachowashauri wengine: kuvuna, kukausha vizuri, kuhifadhi, na kuuza miezi ambayo wengine wameshamaliza ghala zao. Katikati ya mwaka 2023 tulikuwa na akiba ya kutosha kufanya jambo moja kubwa. Mwenzangu alitaka tujenge nyumba tatu ndogo za kupangisha, kila moja chumba na sebule, kwenye kiwanja chetu. Sababu yake ilikuwa nzito: tangu Buswelu iwe makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, watumishi wanatafuta pa kulala karibu na ofisi, na nyumba hazitoshi. Mimi nilitaka Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004, rangi ya bluu, ambayo mwenyewe alikuwa anaiuza Sh26 milioni.

Nilishinda. Mama watoto hakugomba. Alikwenda dukani, akanunua daftari la kurasa 96, akaliweka kwenye kisanduku cha mbele ya gari pamoja na kalamu, akasema, "Baba Neema, wewe ndiye unayewafundisha wakulima kutunza kumbukumbu."

Hilo ndilo daftari ninalolinukuu hapa, kuanzia Julai 2023 hadi Juni 2024.

Kabla ya kulifungua, kuna jambo la kodi ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Ushuru wa bidhaa kwa gari dogo linaloingia nchini hupangwa kwa ukubwa wa injini, yaani sentimita za ujazo, siyo kwa nguvu zake. Injini isiyozidi 1,000 haitozwi, kati ya hapo na 2,000 hutozwa asilimia tano, na zaidi ya 2,000 asilimia kumi. Injini ya STI ina sentimita za ujazo 1,994. Ni ndogo kwa wembamba wa sentimita nne kuliko ile ya Toyota Noah inayobeba abiria na magunia kila siku, yenye 1,998. Zote mbili ziko kwenye fungu la asilimia tano, ingawa moja ina nguvu karibu mara mbili ya nyingine. Wakati huohuo Mark X ya lita mbili na nusu, ambayo ni pole ukilinganisha na STI, inaangukia asilimia kumi. Turbo haionekani kwenye jedwali la kodi. Kinachoonekana ni umri: gari lililozidi miaka kumi huongezewa asilimia 30 ya uchakavu, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18.

Kwa hiyo wakati wa kununua, gari la kasi linafanana na la kawaida. Tofauti hujitokeza baadaye, kidogo kidogo, na ndiyo maana wengi hawaioni.

Daftari linasema nini

Mwaka ule niliendesha kilomita 11,000. Kati ya hizo, 6,600 ni safari ya kazini, kutoka Buswelu hadi katikati ya jiji na kurudi, kilomita 25 hivi kwa siku. Zilizobaki 4,400 ni za barabara kuu: Magu, Misungwi, mara moja moja Bunda.

Tuanze na lile swali la vijana. Mjini, kwenye foleni za Buzuruga na Mabatini, gari lilikwenda kilomita saba kwa lita. Barabara kuu lilifika kumi. Jumla lita 1,383. Bei kikomo za EWURA kwa Mwanza zilipanda na kushuka mwaka ule, na wastani wangu ulikuwa Sh3,200, hivyo petroli ilikula Sh4.43 milioni. Ni fedha nyingi. Hata hivyo, ukurasa wa mwisho wa daftari unaonyesha matumizi yote ya mwaka ni Sh10.5 milioni. Petroli haikufika nusu.

Iliyobaki ilikwenda wapi? Tairi zilichukua Sh1.9 milioni. Gari hili hutumia tairi za saizi 225/45 R17, maana yake ukuta wa tairi ni mfupi sana, kama sentimita kumi tu kutoka rimu hadi ardhini. Kwenye lami safi ukuta mfupi humpa dereva raha, kwa kuwa gari linageuka papo hapo bila kuyumba. Kwenye shimo, hakuna mto wa hewa wa kumeza pigo. Linafika moja kwa moja kwenye rimu. Nilinunua tairi nne kwa Sh380,000 kila moja, na miezi mitatu baadaye nikanunua la tano, baada ya kuingia kwenye shimo lililojaa maji ambalo nililidhani ni dimbwi la kawaida. Kunyoosha rimu mbili, Sh120,000.

Shokapu na bushi, Sh900,000, na nitazirudia huko mbele. Klachi, Sh1.1 milioni, na hii ni kosa langu mwenyewe, maana gari la namna hii likitambazwa kwenye matuta kila siku, mguu wa kushoto hauachii klachi ikashika sawasawa. Kila tuta ni nusu klachi. Hesabu matuta kutoka kwako hadi kazini, zidisha mara mbili, zidisha kwa siku 264, utaelewa klachi yangu ilikufa kwa nini. Oili na chujio mara tatu, Sh570,000, kwa kuwa turbo huzungushwa na moshi wenye joto kali na oili hiyohiyo ya injini ndiyo inayoilainisha na kuipoza. Oili ya bei nafuu ni kuikaribisha hasara. Bampa la mbele lilipakwa rangi mara mbili, jumla Sh330,000. Bomba la hewa lililochanika, Sh85,000. Bima kubwa, asilimia 3.5 ya thamani ya gari pamoja na VAT, Sh1.07 milioni.

Gawanya Sh10.5 milioni kwa kilomita 11,000. Unapata karibu Sh955 kwa kilomita. Jirani yangu mwalimu, mwenye Vitz, alikubali kuandika daftari kama langu kwa miezi mitatu. Kwa petroli na matengenezo peke yake, bila bima, yake ilikuwa Sh430 kwa kilomita. Yangu, nikiondoa bima, Sh857.

Mwanafunzi wa uchumi haishii hapo. Mwisho wa mwaka nilipata mnunuzi aliyetaja Sh22.5 milioni, yaani gari lilikuwa limepoteza Sh3.5 milioni likiwa mikononi mwangu. Sasa tumefika Sh14 milioni. Halafu kuna gharama mbadala, ile tuliyofundishwa Sokoine mpaka ikatuchosha: faida uliyoiacha ili upate ulichochagua. Zile nyumba tatu za kupangisha, kwa Sh100,000 kila moja kwa mwezi, zingeingiza Sh3.6 milioni kwa mwaka. Ongeza. Sh17.6 milioni. Kilomita moja ya gari langu ilikuwa inanigharimu Sh1,600. Kila asubuhi, kutoka Buswelu kwenda mjini, nilikuwa nalipa Sh20,000 kwa safari ambayo nauli yake ya daladala haijafika Sh1,000.

Sikuwa nimeijua hesabu hii mpaka nilipokaa mezani Juni 30. Mama watoto alikuwa anaijua tangu Desemba. Aliiandika kwa penseli pembeni ya ukurasa, ndogo, bila maelezo.

Kuna jambo moja linalonichekesha hata leo. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuihamishia kwenye mafuta, Sh40 kwa lita. Mwaka 2021 ikaongezwa tozo ya Sh100 kwa lita kwa ajili ya barabara za mijini na vijijini zilizo chini ya TARURA. Kwa lita zangu 1,383, tozo hiyo moja ni Sh138,300 kwa mwaka. Mwenye Vitz, kwa umbali uleule, angelipa kama Sh85,000. Kwa mantiki hiyo mwenye gari linalokunywa sana ndiye mchangiaji mzuri wa greda. Nami naiona ni haki, kwa sababu hakuna anayelihitaji greda kuliko mimi.

Sentimita 15

Gari hili liko juu ya ardhi kwa kama sentimita 15. Magari yanayoitwa ya kifahari na ya kasi kuliko yote, zile Ferrari na Lamborghini za kwenye picha, yako chini zaidi ya hapo, na mengine yameuzwa na kifaa cha kuinua pua kwa muda ili yavuke tuta au mlango wa gereji. Ukijiuliza kwa nini yamelazwa hivyo, jibu ni kwamba uzito ukiwa chini, gari haliyumbi kwenye kona, na hewa kidogo inayopita chini husaidia kuligandisha barabarani. Yote hayo yanahitaji barabara iliyo kama meza.

Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na darasa la jambo hili muda mrefu. Mashindano ya Safari yalianza Mei 27, 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kampuni za Ulaya zilileta magari yao bora na kuyaacha kwenye matope. Mwaka 1965 Joginder Singh na mdogo wake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilishatumika kabla ya kuwafikia. Mwaka 1978 Porsche walikuja wamejiandaa hasa: waliinua 911 mpaka ikawa sentimita 28 kutoka ardhini, karibu mara mbili ya gari langu, na chini wakaweka bamba la kuikinga injini. Vic Preston mdogo alimaliza wa pili, Björn Waldegård wa nne. Mshindi alikuwa Jean-Pierre Nicolas akiwa na Peugeot 504, jina ambalo wazee wetu wanalikumbuka zaidi kwa kubeba abiria kuliko kwa kukimbia.

Vijana huniambia, "Lakini Impreza ilishinda Safari." Ni kweli. Colin McRae alishinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Ninachowajibu ni kwamba lile la McRae lilikuwa na jina tu linalofanana na langu. Lilikuwa na mafundi wanaolingoja kila kituo na vipuri vipya, na angani helikopta ya kutazama kama kuna ng'ombe mbele. Mimi nina fundi mmoja, na ng'ombe nawatazama mwenyewe.

Na hizi nguvu 280 nazo zina maneno. Injini ilipangwa Japani kwa petroli ya daraja la juu, yenye okteni inayokaribia 100. Ukiweka pungufu ya hapo, kompyuta ya injini husikia mgongano ndani ya silinda na kurudisha nyuma cheche, au fundi mwangalifu hupunguza msukumo wa turbo ili injini isipasuke. Yaani nguvu nilizozilipia sikuwahi kuzipata zote. Hata huko Japani kwenyewe gari lilifungwa lisivuke kilomita 180 kwa saa.

Fundi wangu, mzee mtulivu wa gereji moja isiyo na bango, ndiye aliyeniokoa. Mwezi wa nane nilimpelekea shokapu zilizokufa. Akatazama chini ya gari, akatazama njia niliyojia, akasema, "Kijana wangu, nikufungie za Forester." Forester na Impreza za miaka ile ni ndugu wa tumbo moja; shokapu na springi za Forester zinaingia, na gari linapanda. Pale tairi zilipoisha akanishauri pia saizi yenye ukuta mrefu kidogo. Jumla tulipata kama sentimita tano. Gari halikuwa zuri tena kulitazama, lilikuwa kama mtu aliyekunja suruali avuke mto. Kwenye kona likaanza kuinama. Lakini tangu siku hiyo bampa halijapakwa rangi, na mama watoto na watoto hawajashuka kwenye mtaro.

Mwaka 2022 Porsche ilikuwa imezindua 911 Dakar, iliyoinuliwa milimita 50 kuliko 911 ya kawaida yenye shokapu za michezo, na Lamborghini ikazindua Huracán Sterrato, iliyoinuliwa milimita 44. Magari ya mamia ya mamilioni ya shilingi, yamefanyiwa kile alichofanya fundi wangu kwa laki tisa. Mwendo wa juu kabisa wa Sterrato ukashuka hadi kilomita 260 kwa saa, na wanunuzi hawakulalamika.

Kile linachokupa

Nisije nikaeleweka kwamba gari hili ni hasara tupu. Kuna mambo mawili linayafanya vizuri kuliko lolote nililowahi kuliendesha, na yote hayahusu kukimbia.

La kwanza ni matope. Magurudumu yote manne yanavuta, na mvua za masika za 2024 zilipolainisha njia za Magu, nilipita mahali ambapo magari mengi yaliserereka hadi mtaroni. Kabla halijainuliwa lilikuwa linasukuma matope kwa kidevu kama jembe la kukokotwa na ng'ombe, lakini lilipita. La pili ni breki. Breki zake ni kubwa, na ukizikanyaga kwa nguvu gari linasimama kama limefungwa kamba.

Breki hizi ndizo zilizonifanya niandike makala haya.

Ilikuwa Februari 2024, jioni, natoka Magu kurudi nyumbani. Barabara ya Musoma kabla ya kufika Kisesa ina sehemu zilizonyooka, na jua lilikuwa usoni. Nilikuwa peke yangu. Niliona barabara iko wazi, nikashusha gia, nikasikia turbo inavuta pumzi, mshale ukapita 120. Sitadanganya, ni raha ambayo haina jina. Ikadumu labda sekunde nane.

Kundi la ng'ombe lilipanda lami kutoka kushoto, na katikati yao mtoto wa kiume wa miaka kama kumi, fimbo begani. Nilikanyaga. Gari lilipiga kelele, likanyooka, likasimama. Ng'ombe wa mbele alikuwa amenigeuzia pembe, na mtoto alikuwa ameweka kiganja chake juu ya boneti, kama mtu anayesukuma mlango. Boneti ilikuwa ya moto. Hakuuondoa mkono.

Usiku ule nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya siku ya kununua. Kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao sheria inauruhusu kwenye makazi, dereva anayechukua sekunde moja kushtuka anakuwa ameshakwenda mita 14, na breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita nyingine 12 hivi. Jumla 26. Kwa 120, sekunde ileile ya kushtuka ni mita 33, na breki zilezile zinahitaji mita 70. Jumla mita 103, karibu sawa na urefu wa kiwanja cha mpira. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unazidi mara nne, na hakuna breki ya bei yoyote inayobadilisha kanuni hiyo. Watu husema breki ziliniokoa. Breki zilifanya kazi yao. Aliyemweka yule mtoto kwenye mita ya mia moja ni mimi.

Mzee wa ng'ombe alikuja akitembea taratibu. Nilishuka, nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Aliitikia, akamwangalia mtoto, akaliangalia gari kutoka mbele mpaka nyuma. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama ninakimbilia msiba. Nikasema hapana. Akauliza kama kuna mgonjwa. Nikasema hapana. Hakuuliza tena. Aliwaswaga ng'ombe, mtoto akafuata, mimi nikakaa pembeni ya barabara mpaka giza.

Faini ya kuendesha kasi kuliko inavyoruhusiwa ni Sh30,000. Imo kwenye daftari? Haimo, sikukamatwa. Ng'ombe mmoja wa maziwa ana thamani mara nyingi ya hiyo, na yule mtoto hana bei ninayoweza kuiandika kwenye safu yoyote.

Tangu hapo gari limekuwa la kazini. Naendesha 50 mahali pa 50, nimezoea kupitwa na Noah, na bodaboda wa mtaani kwetu, ambao zamani walikuwa wananiita "McRae" kwa kejeli, sasa wananiita mwalimu. Mwaka wa pili wa daftari umekuwa nafuu: klachi inashika, tairi zinadumu, na njia zinazoingia Buswelu kwa kweli si zile za zamani, kwani ile ya kutoka Sabasaba kupitia Kiseke ilishawekwa lami.

Wiki mbili zilizopita alikuja kijana mmoja kutoka upande wa Geita, mwenye fedha taslimu, kutaka kulinunua. Alikuwa amevaa vizuri na alilizunguka gari mara tatu akigusa kila kitu. Akaomba tulitoe barabara ya Musoma akalijaribu. Nikamwambia ufunguo upo, atapewa, lakini kwanza akae hapa kwenye ngazi asome hili. Nikampa daftari.

Alisoma muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Mama watoto alimletea chai. Alifika kwenye ukurasa wa Februari, ambapo badala ya tarakimu nimeandika mistari mitano tu kuhusu Kisesa, akarudia kuusoma. Akauliza kama zile shokapu za Forester zinatoka, arudishe gari chini lilivyokuwa. Nikamwambia zinatoka, ni kazi ya siku moja. Akafikiri. Akauliza njia ya kwao kutoka lami hadi nyumbani ni kilomita nne za changarawe, je, nadhani litapita?

Nikamwambia likiwa hivi lilivyo, litapita. Likirudishwa chini, aende na fundi.

Amesema atarudi Jumamosi.